Andika na Sufuria

Kwa miaka ishirini na mbili Éphraïm hakuamshwa na jogoo wala na mke. Aliamshwa na kiwanda. Saa kumi na mbili kamili king'ora cha Shituru, kiwanda cha shaba cha Likasi, kilianza, kirefu, kizito, mbwa wa kambi nzima wakikiitikia, na miguu ya Éphraïm ilikuwa tayari sakafuni kabla macho hayajafunguka. Siku za mvua hivyo hivyo. Siku ya kumzika baba yake hivyo hivyo. Hata mishahara ilipogeuka hadithi, mafundi wenye vyeti wakaanza kung'oa mabati ya paa zao wenyewe wakauze sokoni, king'ora kiliendelea kulia kama vile hakuna lililotokea. Ndicho kitu pekee ambacho kampuni ilikuwa bado inawapa watu wake kwa wakati.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka wa tisini na tatu, hakikulia.

Fortunée, mke wake, aliuona mwanga ukiingia kwenye pazia, akamgusa bega.

"Baba Glody, kumekucha."

"Bado. Sirene haijalia."

"Sirene gani? Angalia jua, iko ndani ya nyumba."

"Mama Glody, minye na ile sirene tulijuana mbele ya weye. Ikilia, nitaamuka. Acha muntu alale."

"Siku moja nitakuona unaoa hiyo sirene," mke akasema, akacheka, naye akajilaza tena. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka katika nyumba ile.

Kwa maana king'ora kilikuwa na kazi nyingine asubuhi. Kikilia, jambo la kwanza la Éphraïm, kabla ya kuoga, kabla ya kusali, lilikuwa kwenda kwenye korido na kuchomoa fyuzi moja. Fyuzi hiyo ilipeleka umeme kwenye mlango wa chuma wa depo, kile chumba cha nyuma cha kuwekea vitu. Usiku mlango ule ulikuwa na moto wa umeme ndani yake. Mwizi akiushika, atajuta. Asubuhi kiwanda kinalia, fyuzi inatoka, mlango unarudi kuwa mlango. Miezi miwili mambo yalikwenda hivyo, na hakuna aliyeumia.

Kilichosikika asubuhi ile ni sufuria kuanguka kwenye sementi. Baadaye watu waliuliza kama aliyeushika mlango alipiga kelele. Hakupiga. Umeme haumpi mtu nafasi hiyo.

Éphraïm alijua kabla hajasimama. Alikimbia akiwa na kaptula tu, akaing'oa fyuzi kwa mkono mtupu, akatoka nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ua wote ulikuwa tope na madimbwi, na jua, jua kamili la asubuhi, lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta. Mbele ya mlango wa depo alilala mwanamke kwa ubavu, miguu mitupu. Kandambili zake zilikuwa zimenasa kwenye tope hatua chache nyuma. Sufuria ilikuwa imebingirika hadi kwenye karai la kufulia: sufuria ya Fortunée mwenyewe, ile ya masikio mawili, moja limefungwa kwa waya. Ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga hadi inang'aa.

"Mama Elikia," Éphraïm aliita. "Mama Elikia! Georgette!"

Alikuwa Georgette, mke wa jirani yake Adolphe.

Alimlaza chali, akaanza kumkandamiza kifua jinsi walivyofundishwa zamani kule Koni, kwenye mitambo ya umeme, ambako picha ya mtu anayefufuliwa ilibandikwa ukutani karibu na picha ya fuvu. Alikandamiza, akapuliza, akakandamiza. Alihesabu kwa sauti. Jua lilimchoma mgongo. Fortunée alisimama akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaja akamvuta mumewe kwa nyuma.

"Acha. Acha, Éphraïm. Unamuvunja."

Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina lake. Ndipo akaacha.

Nyumba za kambi zilijengwa pacha, mbili mbili, ukuta mmoja katikati. Éphraïm upande huu, Adolphe upande ule, tangu sabini na tisa. Ua wao uligawanywa kwa mabati, na bati moja lilianguka siku ambayo watoto walilifanya goli la mpira. Hakuna aliyelirudisha. Pengo lile likawa njia ya wake wawili: chumvi ilipita hapo, makaa ya moto yalipita hapo, habari za mji mzima zilipita hapo. Hodi zilikuwa za mlango wa mbele, za wageni na za polisi. Anayepita kwenye pengo hakubisha hodi. Kupita hapo peke yake kulikuwa salamu. Georgette aliingia jikoni kwa Fortunée akiwa tayari katikati ya sentensi.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na mbili. Wanaosema wamesahau waseme, sisi tunakumbuka. Wakubwa walipanda juu ya meza wakasema mji una wadudu, na kwa neno wadudu walimaanisha watu wa Kasai. Walimaanisha Adolphe, fundi wa pampu, aliyezaliwa Likasi katika hospitali ya kampuni, ambaye baba yake aliletwa hapa na Wazungu kwa mkataba, akafanya kazi hadi mapafu yakaisha. Kiwanda kilikuwa kinakufa kwa sababu kimeliwa na wale wale waliopanda juu ya meza. Lakini ni rahisi kumfukuza jirani kuliko kumuuliza mkubwa shaba imekwenda wapi.

Vijana walifika mlangoni kwa Adolphe mwezi wa tisa, saa nane mchana, na mapanga. Adolphe alisimama kizingitini, nyuma yake mke na watoto wanne, mkononi nyundo. Hakumpiga mtu. Aliinyanyua tu, akasema, "Wa kwanza atakayeingia, nitamuonyesha." Wakatukana, wakavunja madirisha kwa mawe, wakaondoka. Baada yao wakaja polisi. Wakamkamata Adolphe.

Inspekta wa kituo, mtu mwenye koti la kijani na sauti ya upole, alimwambia, "Sheria inakataza muntu kujifanyia haki yeye mwenyewe. Ungeita sisi."

"Niliita, Chef. Mara tatu nilituma muntu."

"Ungengoja."

Wakatafuta shahidi. Éphraïm alikuwa nyuma ya pazia muda wote ule, na aliona yote. Yeye ni mtu wa Lufira, mama yake wa kule Mwadingusha, wenyeji wa hapa hapa, jina lake halikumtia mashakani. Inspekta alimwita, akamwandikia procès-verbal, karatasi ya ushahidi: fulani, mchana, mbele ya watu, alinyanyua nyundo kwa nia ya kuua.

"Na mapanga ya bale batoto?" Éphraïm aliuliza.

"Mapanga haiko mu kesi. Tuko na nyundo. Tia sahihi."

Akatia. Alikuwa na watoto watatu na kazi ambayo bado ilikuwa na jina. Akatia sahihi, akarudi nyumbani, na usiku ule hakula. Adolphe alikaa ndani siku tatu. Alipotoka, hakumuuliza Éphraïm chochote, na hilo ndilo lililomkaa Éphraïm kooni kama mfupa.

Wiki iliyofuata Adolphe na familia yake walikwenda gare pamoja na maelfu ya wengine, kungoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo Georgette aliijua kwa nyimbo za bibi yake tu. Kila mmoja alichukua alichoweza kubeba kichwani. Cherehani ya Georgette, magodoro mawili, radio na sanduku la vyombo vya kazi la Adolphe vilipitishwa kwenye pengo, mchana kweupe, vikawekwa katika depo ya Éphraïm.

"Utunze," Adolphe alisema.

"Sawa vile kichwa yangu," Éphraïm alijibu. Aibu ilimfanya aahidi kwa sauti kubwa.

Pale gare watu walikaa miezi. Mashuka yalikuwa kuta, mabehewa yaliyokufa yalikuwa vyumba, na ugonjwa wa kuhara ukaanza kuchukua watoto kabla ya treni kuwachukua. Fortunée alipeleka sufuria yake kubwa, Georgette apate kuchemshia maji. Ndiyo sufuria hiyo.

Wezi walifika depo mara mbili. Mara ya kwanza walichukua radio. Mara ya pili walichukua godoro moja. Kwa mwingine hivyo ni vitu. Kwa Éphraïm kila kitu kilichotoka ndani ya depo kilikuwa sahihi yake ya pili chini ya karatasi ile ile. Alikwenda kituoni, wakamwambia hawana petroli, hawana hata kalamu. Akarudi, akachukua waya.

Hakutaka kuua. Alipima mwenyewe, fundi umeme wa miaka ishirini na mbili kazini: ardhi kavu, mtu mwenye viatu, umeme utamtupa chini, atakimbia na hadithi ya kusimulia. Alichora fuvu jekundu kama lile la Koni, akaliweka kwenye ukuta wa barabarani, upande wa wezi. Upande wa pengo hakuweka kitu. Nani angepita hapo? Nyumba ya Adolphe ilikuwa imebaki kuta tu. Milango na madirisha yameng'olewa.

Hakupima mvua. Mtu wa umeme, hakupima mvua.

Na Georgette, alfajiri ile, alisikia pale gare kwamba treni imepatikana kweli, inaondoka saa sita mchana. Aliacha watoto kwa mumewe, akaja mbio kuchukua kichwa cha cherehani, kwa maana kule waendako hatakuwa na kingine cha kumpatia chakula. Alipitia ndani ya nyumba yake mwenyewe iliyo tupu, akapita kwenye pengo. Pengine aliona madirisha yamefungwa akahurumia usingizi wao. Sufuria ya watu mkono wa kushoto. Mkono wa kulia mlangoni.

Saa mbili asubuhi ua ulikuwa umejaa. Vijana wale wale walifika, na walipoona ni nani aliyelala chini ya shuka, wakaanza kuimba. Mmoja akaunyanyua mkono wa Éphraïm juu kama wa bondia.

"Muzee! Umefanya! Umetegea mududu, umekamata!"

"Niache," Éphraïm alisema. "Niache, mutoto, niache."

"Muzee iko na haya, muangalie! Tutakununulia bia, Muzee!"

Inspekta alifika na koti lake la kijani. Aliangalia mwili, aliangalia mlango, aliangalia waya. Kisha alimshika Éphraïm mkono karibu kwa upendo, akampeleka kituoni.

"Keti, Papa Éphraïm. Usiogope. Tutaandika muzuri." Aliweka karatasi mezani. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Kumekucha, Chef. Jua ilitoka."

"Sirene ililia?"

"Hapana. Leo haikulia."

"Haikulia." Inspekta alitabasamu. "Basi nani anaweza kusema kama kulikuwa kumekucha? Mji mzima hauna saa, Papa. Weye ulikuwa kitandani, pazia imefungwa. Kwa weye ilikuwa usiku." Akaandika, huku akisoma kwa sauti kile anachoandika. "Usiku... mwanamke wa Kasai... aliingia kwa kupita pengo la ukuta... akijaribu kuvunja mlango wa depo kwa nia ya kuiba... Mwenye nyumba alikuwa akijitetea, yeye na mali yake. Légitime défense. Unaona? Kesho uko nyumbani."

"Hakuvunja mlango. Alikuwa anafungua. Vitu ni vya kwake."

"Vya kwake viko ndani ya nyumba ya nani?"

"Na sufuria?"

"Sufuria gani?"

"Alileta sufuria ya muke yangu. Alikuwa anairudisha. Iko pale karibu na karai, umeiona."

Inspekta akaweka kalamu chini, mpole kama kawaida.

"Papa, sufuria haiko mu kesi."

Maneno yale Éphraïm aliyajua. Mtu aliyeyasema alikuwa yule yule, meza ile ile, na hata doa la wino kwenye kona lilikuwa lile lile.

"Nipe muda nisome," alisema.

"Soma. Kufika saa sita nataka sahihi. Kisha hapo siwezi kukusaidia tena."

Kabla ya saa tano alikuja Mansour, mtetezi wa watu mahakamani. Hakuwa wakili wa chuo kikuu; babu yake alikuja kutoka Kasongo na kanzu na Kurani, na yeye sheria aliisoma katika vitabu vilivyouzwa kwa kilo baada ya uporaji, vile ambavyo wauza karanga hawakuwahi kuvichana wafungie karanga zao. Fortunée alikuwa amemwomba akipita njiani. Alikaa kwenye benchi la korido karibu na Éphraïm, akaisoma karatasi mara mbili.

"Iko nzuri," alisema. "Ni ya uongo, lakini iko nzuri. Ukiitia sahihi, utatoka."

"Na ya kweli ingesemaje, Maître?"

Mansour alivua miwani. "Ya kweli ni ngumu. Sheria inakubali muntu apige ili asipigwe. Lakini lazima hatari iwe pale, mbele yako, saa ile ile. Haiwezi kuwa ya jana, haiwezi kuwa ile unayoiwaza kwa kesho. Lazima usiwe na njia ingine. Na pigo lako lisipite kile unachokizuia. Muntu akikuletea fimbo, haumuletei bunduki. Sasa waya wako, Papa Éphraïm. Waya haina macho. Haikumuuliza Georgette anafuata nini. Weye ulikuwa umelala. Nani alikuwa anakushambulia ukiwa umelala? Usiku, muntu akivunja mlango, jaji anaweza kukuhurumia, anasema aliogopa, hakuona. Ndiyo maana anataka usiku. Mchana, na mwanamke mwenye sufuria..."

"Na Adolphe?" Éphraïm aliuliza. "Siku ile ya nyundo?"

"Adolphe?" Mansour alicheka kicheko kisicho na furaha. "Adolphe alikuwa ndani ya sheria, miguu yote miwili. Mapanga mbele yake saa ile ile, watoto nyuma, hakuna pa kukimbilia, na hata hakupiga. Kama vitabu vyangu vinataka mufano, ni ule. Njo yeye waliyemfunga. Na weye ambaye sheria haikufuniki, wanakutandikia shuka. Hii nchi inaijua sheria vizuri sana, usidanganyike. Inajua pa kuikunja."

Fortunée alikuja akikimbia, miguu tope hadi magotini. Alikuwa ametoka gare. Alikaa chini kwenye sementi, akakataa benchi.

"Umemuona?" Éphraïm aliuliza.

"Nimemuona. Alikuwa anafunga mizigo. Nilimuambia. Hakulia. Alikaa juu ya reli, akaangalia mikono yake." Fortunée alifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Kisha akaniuliza, 'Alikuwa na sufuria mukononi?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Alikesha anaisugua. Nilimuambia, acha, Mama Glody hatakasirika. Akasema hawezi kurudisha sufuria ya muntu ikiwa nyeusi.'"

Polisi wa zamu aliondoka mlangoni, akaenda kusimama jua.

"Atakuja kumuona?"

"Atakujaje? Vijana bako njiani, pale kwenye kivuko cha reli. Na treni ikiondoka na batoto bane peke yao? Alinipa hii." Akafungua kifundo: kitenge cha maua ya njano, cha Jumapili. "Nimufunike nayo. Nimuzike minye. Na alisema nikuambie kitu."

Éphraïm aliinamisha kichwa, akingoja laana. Angeipokea. Alikuwa ameitengenezea nafasi.

"Alisema, 'Muambie Baba Glody asikubali baandike kama muke yangu ni mwizi. Tumeitwa kila kitu humu. Hiyo moja, batoto bangu basiibebe.' Ni hiyo tu. Kisha Elikia akaanza kuuliza mama yake iko wapi, nikashindwa kusimama pale."

"Watoto wenu nao," Mansour alisema taratibu, bila kumtazama mtu. "Ukifungwa, kampuni itachukua nyumba. Lazima niseme hilo, Papa. Ni kazi yangu kusema."

"Mama Glody?"

Fortunée aliangalia kitenge cha mwenzake mapajani mwake, akakikunja vizuri, pembe juu ya pembe.

"Mi nimebeba sufuria ile ndani ya nyumba," alisema. "Sikuweza kuipikia. Nimeifunika kwenye kona. Weye fanya kile utakachoweza kulala nacho."

Saa sita ilipokaribia, inspekta alimwita. Éphraïm aliketi mbele ya meza. Mbali, upande wa gare, treni ililia. Watu wa Likasi wanajua milio miwili, wa kiwanda na wa treni, na siku ile ulisikika mmoja tu. Ulilia tena. Éphraïm alisubiri hadi ukaisha, akifikiria mwanamume mmoja ndani ya behewa la mizigo, watoto wanne magotini, akiitazama Shituru ikirudi nyuma, na mke wake amebaki huko chini ya shuka la watu.

"Sahihi hapa," inspekta alisema.

"Chef, andika kulikuwa muchana."

"Papa..."

"Andika jua ilikuwa juu ya ukuta. Andika minye niliamushwa na muke yangu, nikakataa kuamuka. Andika ni minye niliweka waya, na mvua ilikuwa imenyesha, na minye najua maji na kuran ya umeme kuliko muntu yote ya hii mji."

"Unajifunga mwenyewe. Unaelewa? Hakuna muntu anakulazimisha."

"Andika jina yake yote. Usiandike mwanamuke wa Kasai. Andika Georgette, muke ya Adolphe, jirani yangu wa ukuta moja, alikuja kuchukua cherehani yake. Na andika sufuria."

Upole ulitoka katika sauti ya inspekta kama hewa katika tairi. "Nimeshakuambia sufuria haiko..."

"Ile siku nyundo uliandika!" Éphraïm alisimama, na benchi likaanguka nyuma yake. "Nyundo haikumugusa muntu na uliiandika! Mapanga ukaacha, na minye, minye mupumbafu, nikatia sahihi! Basi leo andika. Nyundo uliandika, andika na sufuria! Sitii sahihi hapa kama sufuria haimo. Nifunge, nipige, sitii."

Mansour, mlangoni, alikohoa. "Monsieur l'inspecteur, ni haki ya muntu kusema yake na iandikwe. Nitakuwa nauliza juu ya sufuria mbele ya jaji hata hivyo. Itakuwa vibaya ukionekana haukuiona."

Inspekta aliandika. Aliandika kwa hasira, kalamu ikitoboa karatasi, lakini aliandika: sufuria moja ya alumini, masikio mawili, moja limefungwa kwa waya, safi. Neno hilo, safi, ni Éphraïm aliyelitaka. Kisha akatia sahihi, kwa herufi zote za jina lake, siyo ule mkwaruzo wa mwezi wa tisa.

Wakamzika Georgette siku iliyofuata, Fortunée na wanawake wanne wa kanisani, kwa haraka, na kitenge cha njano. Hakukuwa na matanga. Nani angeketi matanga ya mtu wa Kasai mwaka ule? Fortunée alitandika mkeka mbele ya pengo, akakaa peke yake hadi jioni. Vijana waliopita walimzomea. Hakuinua kichwa.

Kesi ilikuwa fupi. Jaji, mtu mchovu, aliuliza swali lile lile: usiku au mchana? "Mchana," Éphraïm alisema, na nyuma ya ukumbi wale waliotaka kumnunulia bia wakamwita msaliti. Sufuria ilikuwa juu ya meza ya karani, imefungwa karatasi yenye namba. Mansour aliomba huruma, akasimulia juu ya king'ora. Jaji akasema mtu mzima haamshwi na kiwanda. Kuua bila kukusudia, kwa uzembe: miaka miwili. Kampuni, iliyoshindwa kulipa mishahara ya mwaka mzima, haikushindwa kuleta barua ya kuhama nyumba. Ilifika ndani ya wiki. Fortunée alihamia kwa dada yake Julie na watoto watatu na cherehani ya Georgette. Cherehani hiyo aliitia mafuta kila Jumamosi. Hakushona hata pindo. Ni ya mtu, alisema. Lakini hakuna barua iliyotoka Kasai. Hata leo watu wanaulizana ni wangapi waliofika katika mabehewa yale, na wangapi waliteremshwa njiani wakazikwa pembeni mwa reli.

Gerezani serikali haikulisha mtu. Asiye na ndugu nje alikufa, hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya pili ambayo hakuna jaji aliyeitamka. Jumapili ya kwanza Fortunée alitembea saa tatu, akaketi mbele ya mumewe kwenye ua wa wageni, akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na bukari, ugali wetu, na majani ya muhogo. Ndani ya sufuria ile. Karani alikuwa amemrudishia. Karatasi yenye namba bado ilikuwa imenata pembeni, nusu yake imeungua motoni.

Éphraïm alirudi nyuma.

"Siwezi kula ndani ya hiyo, Mama Glody."

"Hatuna ingine."

"Kopa kwa Julie."

"Julie iko na moja, na bantu kumi na moja." Alisukuma sufuria mbele. Nje ilikuwa nyeusi kwa masizi, ndani nyeupe. "Nikirudi nitaisugua. Kila siku naisugua, sawa vile yeye. Kula."

Askari alipiga chuma kwenye chuma, kuashiria kwamba muda unakwisha. Miguu ya Éphraïm ilishtuka yenyewe, ikataka kusimama, kwa mazoea ya miaka ishirini na mbili. Akaizuia. Akanawa mikono kwa maji aliyomwagiwa na mkewe, akakata tonge la kwanza, akalishika muda mrefu mpaka likapoa.

Kisha akala.